NYUZI SABA NA PROGRAMU ELFU: UCHUNGUZI WA VIFAA NA UMAKINI KATIKA MUZIKI WA TARAKILISHI BUMULA

Utangulizi

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Wahenga hao hao wakasema tena kwamba mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Methali ya kwanza inamwonya mtu asitawanye nguvu zake. Ya pili inamsifu yule azungukaye huku na huko akitafuta. Mwanafunzi wa fasihi simulizi anajua kwamba methali hazipingani kwa bahati mbaya. Kila moja ina mahali pake, na hekima ya msemaji ni kutambua ni ipi inayofaa kwa wakati gani.

Makala haya yanachunguza mvutano huo katika uwanja ambao aghalabu hausemwi katika kurasa za Kiswahili, yaani utunzi wa muziki kwa tarakilishi unaofanywa na vijana kwa mapenzi yao tu, wala si kwa ajira. Mahali tunapopatazama ni Bumula, eneo bunge la Kaunti ya Bungoma lililo magharibi mwa Kenya, ambako mahindi na miwa hulimwa na ambako nyimbo za Kibukusu hazijakoma kusikika katika arusi, matanga na sherehe za jando. Swali letu ni hili: mtunzi chipukizi mwenye fedha kidogo na muda mchache atagawanyaje nguvu zake baina ya kutafuta vifaa vipya na kukitumia kifaa alicho nacho hadi wimbo ukamilike?

Huenda msomaji akauliza jambo hili linawahusu nini wanafunzi wa Kiswahili. Jibu ni kwamba nyimbo ni utanzu mkuu wa fasihi simulizi, na siku hizi nyingi hutufikia zikiwa zimepitia mikononi mwa mtu aliyeketi mbele ya tarakilishi. Mtu huyo akikosa kukamilisha kazi yake, kinachopotea si burudani peke yake. Sauti ya mzee aliyeghani kisa cha ukoo wake inaweza kubaki nusu ndani ya mashine, na mzee mwenyewe hatarudi kuighani tena.

Ufafanuzi wa Dhana

Katika makala haya, neno uchunguzi lina maana ya kujaribu zana zisizojulikana: programu mpya, kinanda kipya cha umeme, kipaza sauti kingine, au sampuli za sauti zilizopakuliwa kutoka mtandaoni. Neno umakini nalo lina maana ya kubaki na zana chache zinazojulikana na kuzielekeza kwenye kazi moja hadi mwisho wake.

Mtaalamu wa taasisi na mashirika, James G. March wa Marekani, aliandika makala mashuhuri mwaka 1991 kuhusu mvutano wa namna hii katika ujifunzaji wa mashirika. Hoja yake kwa ufupi ni kwamba anayetafuta tu hulipa gharama zote za majaribio bila kuvuna faida yake, ilhali anayetumia tu kile anachokijua hunaswa katika hali isiyo bora na asijue kwamba palikuwapo njia nzuri zaidi. March aliongeza kuwa faida ya kutumia kinachojulikana huja mapema na huonekana wazi, bali faida ya kutafuta huchelewa na haina hakika. Kwa sababu hiyo, mashirika mengi huelekea kupuuza utafutaji.

Kwa mtunzi wa muziki wa nyumbani, hata hivyo, mizani huinama upande wa pili. Kwake, kujaribu kifaa kipya ndiko kunakoleta raha ya papo hapo, ilhali kuumaliza wimbo ndiko kunakochelewa na kuchosha. Mchovya asali hachovyi mara moja. Walter Becker, mwanamuziki wa bendi ya Steely Dan ya Marekani, aliipa hali hii jina la mzaha katika miaka ya 1990, akiita maradhi ya kujipatia magitaa. Jina hilo lilienea miongoni mwa wanamuziki kwa kuwa wengi walijitambua ndani yake. Tofauti ya leo ni kwamba gitaa lilihitaji fedha na nafasi ya kuliweka, bali programu huhitaji tu mtandao na usiku mmoja wa kupakua.

Urithi wa Vifaa Vichache

Kabla ya kumshauri kijana wa Bumula, ni vyema kutazama alikotoka. Ala inayotambulisha muziki wa Wabukusu ni litungu, ala ya nyuzi yenye kisanduku kilichowambwa ngozi. Kwa kawaida litungu lina nyuzi saba. Sambamba nalo kuna siilili, ala ya uzi mmoja inayopigwa kwa upote, na chinyimba, njuga za chuma ambazo mvulana anayejiandaa kutahiriwa huzigonga kwenye vikuku akizunguka kuwaalika jamaa zake. Kadhalika kuna kamabeka, mchezo wa kutikisa mabega ambao mdundo wake umewavutia watunzi wengi wa muziki wa kisasa.

Nyuzi saba ni chache ukilinganisha na vibonye 88 vya piano. Hata hivyo, mpiga litungu stadi kama Wasike wa Musungu, ambaye jina lake linajulikana sana kati ya wasikilizaji wa muziki wa Kibukusu, hakuhesabiwa kuwa maskini wa sauti. Uchache wa nyuzi ulimlazimu mpigaji kutafuta utajiri mahali pengine: katika namna ya kugusa uzi, katika kunyamaza, katika kubadilisha mkazo wa mdundo, na zaidi ya yote katika maneno. Mpiga litungu hakuwa akitafuta uzi wa nane kila wiki, kwani muda wake aliutumia kuufahamu uzi wa tatu.

Majirani zao wa Kakamega wanatupa mfano mwingine. George Mukabi, mpiga gitaa kutoka Kisa aliyefariki mwaka 1963, ndiye anayehusishwa zaidi na mtindo wa omutibo. Mtindo huo ulihitaji gitaa moja lisilo la umeme, sauti za waimbaji, na chupa ya Fanta yenye mikunjo ambayo iligongwa na kukwaruzwa ili kuweka mdundo. Nyimbo zake zilizotiwa kwenye santuri bado zinasikilizwa, na mwaka 2017 mkusanyiko wa kazi zake ulitolewa upya ng’ambo.

Ikumbukwe, lakini, kwamba gitaa lenyewe lilikuwa kifaa kigeni, na chupa ya soda ilikuwa taka ya dukani. Mtu fulani alithubutu kulitwaa gitaa na kuliiga mwendo wa ala za kwao. Mtu mwingine alijaribu chupa akasikia kwamba inafaa. Huo ulikuwa uchunguzi. Kilichofuata ni miaka ya kubaki na vitu hivyo viwili hadi vikazaa mtindo wenye jina lake. Kwa hiyo urithi wa magharibi mwa Kenya haumkatazi kijana kutafuta. Unamfundisha kwamba baada ya kupata, yapasa kutulia.

Ujio wa Tarakilishi na Kishawishi Chake

Programu ya FruityLoops, iliyobuniwa na kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji mwishoni mwa miaka ya 1990 na kupewa jina la FL Studio mwaka 2003, ni miongoni mwa zana zilizowafungulia mlango vijana wa Afrika Mashariki. Audacity, programu ya bure ya kunasa na kukata sauti, ilitolewa mwaka 2000. LMMS, programu nyingine ya bure ya kupanga midundo na vinanda, ikaanza kutolewa mwaka 2004. Tarakilishi ya mtumba yenye programu mbili hizi za bure inamtosha mtu kunasa sauti katika Audacity, kuipanga pamoja na ngoma katika LMMS, na kuutoa wimbo mzima.

Zamani uchache wa zana ulijilazimisha wenyewe. Albamu ya Beatles iitwayo Sgt. Pepper’s Lonely Hearts Club Band, iliyotoka mwaka 1967, ilirekodiwa kwa mitambo ya njia nne tu za sauti, na hivyo wahandisi walilazimika kuamua mapema ni sauti zipi zichanganywe na kufungwa pamoja. Leo tarakilishi ya kawaida hubeba makumi ya njia, na maamuzi yote yanaweza kuahirishwa. Hapo ndipo kishawishi kinapozaliwa. Uhuru wa kuahirisha kila uamuzi ni uhuru wa kutomaliza chochote.

Tuchukue mfano wa kijana wa kubuni anayeishi karibu na soko la Bumula. Mchana anafanya kazi ya bodaboda. Usiku, umeme ukiwapo, anafungua tarakilishi. Ana saa mbili kabla ya kulala. Dakika 40 za kwanza anasikiliza sauti za ngoma mia tatu alizopakua juzi. Dakika 30 anatazama video ya mtu aliyeko London akieleza kinanda kipya cha programu. Dakika 20 anakiweka kinanda hicho kwenye mashine, nayo inaanza kukwama kwa kuwa kumbukumbu yake ni ndogo. Zimebaki dakika 30, na macho yamekwisha kuwa mazito. Akifanya hivyo siku tano kwa wiki, atakuwa ametumia saa kumi kwa muziki, lakini saa mbili na nusu tu ndizo zilizobaki za kutunga, tena ni zile za uchovu.

Gharama haishii kwenye muda. Mtu anapoamini kwamba tatizo la wimbo wake ni kifaa, atauza ndama anunue kinanda, kisha mwaka ujao atatafuta cha kuuza anunue spika. Familia inayotegemea mahindi na miwa haiwezi kustahimili imani hiyo kwa muda mrefu. Fauka ya hayo, wazazi wakiona vifaa vikirundikana bila wimbo hata mmoja wa kuwasikilizisha, huanza kuudharau muziki wenyewe, na kijana mwenye kipawa huvunjwa moyo kabla hajajulikana.

Uchunguzi Si Adui

Itakuwa kosa, hata hivyo, kuhitimisha kwamba kutafuta ni upotevu. Historia ya muziki wa umeme imejaa mifano ya watu waliogundua njia mpya kwa kuchezea kifaa bila kufuata maelekezo yake.

Mfano mashuhuri unatoka Chicago. Kampuni ya Roland ya Japani ilitengeneza mashine ndogo ya TB-303 mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili ishike nafasi ya mpiga gitaa la besi. Haikufanikiwa sokoni, na uundaji wake ukasimamishwa baada ya miaka michache. Kundi la vijana walioitwa Phuture lilipata mashine hiyo ikiwa imekwisha kutumika, likazungusha vitufe vyake huku sauti ikiendelea kulia, na matokeo yake yakawa rekodi ya Acid Tracks ya mwaka 1987, iliyoanzisha tawi zima la muziki wa densi. Msomaji atambue mambo mawili hapa. Kwanza, vijana wale walichunguza. Pili, walichunguza kifaa kimoja, tena cha bei nafuu, kwa kina ambacho waundaji wake hawakukitarajia.

Karibu nasi zaidi, huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwimbaji Otim Alpha na mtayarishaji Leo Palayeng walihamisha muziki wa arusi wa Waacholi kutoka kwenye kikosi kizima cha wapigaji hadi kwenye tarakilishi. Baada ya miaka mingi ya vita, kukodi kundi kamili la ngoma kulikuwa mzigo mkubwa kwa familia nyingi. Tarakilishi ilipunguza gharama hiyo huku mwendo wa kasi wa larakaraka, ngoma ya uchumba ya Waacholi, ukihifadhiwa. Nyimbo zao zilikusanywa katika albamu ya Gulu City Anthems, iliyotolewa mwaka 2017 na kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Mwaka huo huo kampuni hiyo ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso kutoka studio ya Sisso ya Mburahati, Dar es Salaam, ukiwa na nyimbo za singeli ambazo mwendo wake hupita midundo 200 kwa dakika. Watunzi wa singeli hawakusubiri studio ya kifahari. Walichukua programu za kawaida na kuzisukuma hadi kasi ambayo watu wengine hawakuthubutu kuifikia.

Mifano hii inatuonyesha kwamba uchunguzi wenye tija huwa na swali mbele yake. Otim Alpha na mwenzake walikuwa na swali: arusi itachezwaje pasipo kikosi kizima? Aliyeketi usiku akipakua vinanda vya programu aghalabu hana swali lolote. Anatafuta jibu la swali ambalo hajaliuliza.

Vilevile umakini uliopita kiasi una hatari zake. Mtunzi anayetumia ngoma zile zile zilizokuja na programu, mwendo ule ule na kinanda kile kile kwa miaka mitano, atatoa nyimbo zinazofanana kama pacha, na msikilizaji atachoka. Ngoma ya programu iliyotengenezwa Ulaya haina mlio wa chinyimba. Asiyetoka nje ya programu yake kwenda kuusikiliza na kuunasa mlio huo hatawahi kuupata humo.

Mfano wa Kazi: Litungu na Kinanda

Ili nadharia isielee hewani, tueleze kazi moja halisi inayoweza kumkabili mtunzi wa Bumula: kunasa litungu la mzee na kuliunganisha na ngoma na kinanda cha tarakilishi.

Tatizo la kwanza ni vimo vya sauti. Kinanda cha tarakilishi kimegawa oktavu moja katika hatua 12 zilizo sawa, na kila hatua ina sehemu ndogo 100 ziitwazo senti. Litungu halikutengenezwa kwa kipimo hicho. Mzee hulikaza kwa kufuata sikio lake, sauti yake na mazoea ya muziki wa kwao. Baadhi ya nyuzi zitaangukia katikati ya vibonye viwili vya kinanda. Vikipigwa pamoja, sikio husikia ukakasi.

Mtunzi aliyelewa vifaa atasema kwamba anahitaji programu mpya ya kunyoosha sauti. Mwenzake mwenye umakini atajiuliza kwanza kama kifaa alicho nacho kinaweza kutatua jambo hili, na mara nyingi kinaweza. Atamwomba mzee apige kila uzi peke yake, kwa upole na kwa nguvu, mara tatu kila namna. Nyuzi saba kwa namna mbili kwa mara tatu zinampa sampuli 42. Kisha ataingiza sampuli hizo kwenye programu na kutafuta sehemu ya kurekebisha kimo kwa senti, ambayo programu nyingi za muziki huwa nayo. Atakirekebisha kinanda kilifuate litungu, badala ya kulilazimisha litungu kukifuata kinanda. Uamuzi huu unahusu utamaduni sawa na unavyohusu ufundi, kwa kuwa anayeamua ni ala ipi inyooshwe huwa ameamua pia ni muziki wa nani unaohesabiwa kuwa sahihi.

Tatizo la pili ni kuchelewa kwa sauti. Mwimbaji anapoimba huku akijisikiliza kupitia tarakilishi, huenda akasikia sauti yake ikija baadaye kidogo, akadhani kipaza sauti ni kibovu. Aghalabu chanzo ni ukubwa wa akiba ya sauti ambayo mashine huikusanya kabla ya kuichakata. Sauti ikinaswa kwa sampuli 44,100 kila sekunde, akiba ya sampuli 1,024 huleta ucheleweshaji wa takriban milisekunde 23. Ikipunguzwa hadi sampuli 256, ucheleweshaji huo hushuka hadi takriban milisekunde 6. Hapo hakuna kilichonunuliwa. Kilichohitajika ni kuujua ukurasa mmoja wa mipangilio ya programu. Wakati wa kunasa, akiba ipunguzwe. Wakati wa kuchanganya sauti, iongezwe ili mashine isikwame.

Tatizo la tatu ni mahali. Nyumba nyingi zimeezekwa kwa mabati, na katika sehemu hizi mvua hupenda kunyesha alasiri. Kipaza sauti cha bei ghali kitanasa mvua kwa uaminifu zaidi kuliko cha bei nafuu. Dawa yake ni kunasa asubuhi, kutundika mablanketi ukutani ili kupunguza mwangwi, kuweka kipaza sauti karibu na ala, na kuwaomba watoto wasogeze kuku upande wa pili wa boma.

Tatizo la nne ni haki. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 na sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni. Kwa hiyo mtunzi anapaswa kumweleza mzee mapema kazi yake itatumikaje, amwombe ridhaa, na wakubaliane kuhusu jina lake na malipo yake iwapo wimbo utaleta fedha. Tahadhari hii ni sehemu ya umakini, kwani wimbo uliokamilika kwa kumnyang’anya mwenyewe haujakamilika.

Mapendekezo

Kutokana na mjadala huu tunapendekeza njia tano.

Kwanza, mtunzi asipokee kifaa chochote kipya, hata cha bure, kabla ya kuandika kwa sentensi moja upungufu kitakaouondoa. Akiandika kwamba spika zake hazitoi besi na hivyo hawezi kusikia ngoma ya chini, hiyo ni sababu. Akiandika tu kwamba fulani anacho, basi hajapata sababu.

Pili, ajiwekee mpaka wa idadi. Kwa mfano, aamue kwamba nyimbo tano zijazo zitatumia kinanda kimoja cha programu, seti moja ya ngoma na kipaza sauti kimoja. Baada ya wimbo wa tano, ana ruhusa ya kubadilisha kitu kimoja. Mpaka huu unamrudishia kile ambacho nyuzi saba zilimpa babu yake.

Tatu, uchunguzi upewe msimu wake. Mkulima wa Bumula hapandi na kuvuna siku moja. Hupanda mvua za masika zinapoanza, yapata Machi, kisha hupalilia na kungoja. Mtunzi naye anaweza kutenga siku moja ya mwezi kwa ajili ya kujaribu zana. Siku hiyo asijaribu kutunga wimbo, bali ahifadhi kila sauti nzuri na kuipa jina linaloeleweka. Siku nyingine zote afungue ghala hilo tu. Kalenda ya jamii pia inaweza kumsaidia. Jando la Wabukusu hufanyika Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, na Desemba ni mwezi wa arusi. Aliye na nyimbo tayari kabla ya majira hayo atapata wasikilizaji. Aliye na vifaa tu atawasikiliza wenzake.

Nne, amalize hata kazi isiyompendeza, kisha aiweke mbele ya watu. Wimbo usikilizwe kwenye rununu ya kawaida, kwenye redio ndogo ya jikoni, na mbele ya mama au shangazi anayejua maneno ya asili. Maoni ya msikilizaji mmoja kama huyo huonyesha upungufu wa kweli, nao upungufu wa kweli ndio unaozaa swali la uchunguzi unaofuata. Hivyo umakini na uchunguzi hulishana.

Tano, vifaa vishirikiwe. Watu wa Bumula wanaujua utaratibu wa chama, ambapo wanachama huchanga na kupokezana. Watunzi wanne wakichanga wanunue kipaza sauti kimoja kizuri na kukipokezana kwa wiki, kila mmoja atakitumia kwa makini wiki yake ikifika kwa kuwa anajua kitaondoka. Kadhalika mtu aazime kabla ya kununua. Kifaa ambacho mtu amekaa nacho wiki mbili bila kumaliza nacho wimbo hata mmoja hakitamgeuza mtunzi kwa kuwa chake.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mvutano baina ya kutafuta vifaa na kuvitumia hauondolewi kwa kuchagua upande mmoja. Omutibo haukuzaliwa pasipo mtu kulijaribu gitaa la kigeni, wala haukukomaa pasipo mtu kubaki nalo. Muziki wa arusi wa Gulu na singeli ya Dar es Salaam ulifuata mkondo huo huo kwa zana za zama zetu. Kinachotofautisha uchunguzi wenye tija na upotevu wa muda ni swali linaloutangulia na wimbo unaoufuata.

Wanafunzi wa Kiswahili wana wajibu wao hapa. Wanapokwenda nyanjani kukusanya fasihi simulizi, wakutane na watunzi hawa, wawasaidie kuandika maneno ya nyimbo na kuyatafsiri, na wao wajifunze kwao ufundi wa kunasa sauti. Bado wapo wazee Bumula wanaokaza litungu kwa sikio. Tarakilishi ya mtumba iliyopo mezani leo inatosha kuwanasa. Anayengoja hadi apate mashine bora zaidi atakuja kuipata, lakini huenda asipate tena wa kumpigia.